Mita Nne za Uongo

Sehemu ya Tisa

Kalamu bado iko mezani. Nani kawaambia ameishika?

Toleo lililopita lilikatikia pale Bwana Asilimia, meneja wa uzalishaji wa mgodi, alipomsukumia Dada Redio karatasi ya maelezo na kumwambia, "Weka sahihi, au vua hiyo hedifoni uende kwenu." Waliokosa gazeti lile wasihangaike kugonga mlango wa jirani. Karatasi ilikuwa na mistari mitatu tu. Ilisema kwamba jana, Jumatano, saa nne na dakika kumi asubuhi, yeye mwongoza malori alimwonya dereva wa lori namba kumi na saba mara mbili redioni apunguze mwendo anaporudi nyuma kumwaga mawe, na dereva hakujibu. Ndipo lori likaporomoka kutoka ukingo wa jalala la mawe, kinyumenyume, likalala chali huko chini na dereva ndani.

Uongo mtupu, kuanzia neno la kwanza mpaka nukta ya mwisho. Na dereva huyo ni mdogo wake Dada Redio, wa tumbo moja.

"Sikumwonya," alisema Dada Redio.

"Ulimwonya."

"Bwana, redio nilikuwa nayo mimi. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nasoma namba. Mfumo ulikuwa mzima asilimia mia. Skrini inaonyesha lori lilikuwa ndani ya mstari mwekundu, mahali salama kabisa. Sasa lori lililo mahali salama linaangukaje? Dereva aligonga tuta la ukingoni kwa kasi. Alisinzia, au alilewa. Asilimia tisini na tisa ya ajali ni madereva."

"Na hiyo moja iliyobaki?"

"Ni waongoza malori wasiotaka kuweka sahihi."

Mnaona alivyo? Madereva hawakumpa jina lile kwa kumpenda. Mtu huyu akiulizwa hali ya mama yake anajibu kwa asilimia.

Dada Redio alijua vizuri karatasi ile ilibeba nini. Akiweka sahihi, mdogo wake anafukuzwa kazi, anatolewa kwenye kitanda cha hospitali ya mgodi na nyonga yake iliyovunjika, na akitoka hapo polisi wanamsubiri kwa kuharibu mali. Asipoweka, yeye ndiye ataandikwa kwamba aliona akanyamaza.

Simu yake ikaita. Mdogo wake.

"Dada." Sauti ilikuwa nyembamba, ya mtu aliyechomwa sindano za maumivu. "Wamekuja watu wawili hapa wodini. Wanasema nilisinzia."

"Ulisinzia?"

"Dada! Wewe unaniuliza hivyo?"

"Nakuuliza ili huyu aliye mbele yangu asikie." Akaweka simu mezani, sauti juu.

"Nilirudi taratibu kama siku zote. Magurudumu yakagusa tuta, nikasimama, nikaanza kuinua bodi nimwage. Mara ardhi ikakaa, Dada. Ilikaa tu, halafu ikashuka na mimi. Sikugonga kitu. Muulize hata shemeji, nilimweleza yote. Alikesha na mimi hapa jana, ananinywesha maji kwa kijiko."

"Lala, mdogo wangu. Usiweke sahihi kitu chochote. Hata wakikuletea daftari la wageni, usisaini."

Akakata. Bwana Asilimia alikuwa anatabasamu.

"Maneno ya mgonjwa," alisema.

"Haya. Basi tusome namba."

Dada Redio akageuza kiti chake. Chumba chao cha kazi kilikuwa kontena la chuma lililowekwa juu kabisa ya shimo, lenye dirisha refu upande mmoja na skrini kubwa upande wa pili. Kwenye skrini kila lori ni kitone. Likitembea ni kijani, likisubiri ni njano, likikaa dakika tatu bila kusogea linageuka jekundu, na mwekundu wa mara mbili kwa wiki anaitwa ofisini kujieleza. Akabonyeza marudio ya jana.

"Unafanya nini?" Tabasamu la meneja lilipungua. "Huna ruhusa ya marudio."

"Kiti nimekalia mimi. Ruhusa itanikuta hapa."

Saa nne na dakika nane. Kitone cha kumi na saba kikapanda jalalani, kikageuka, kikaanza kurudi nyuma. Pembeni yake mwendo uliandikwa wazi: kilomita nne kwa saa. Mtu mwenye kigongo cha kutembelea angelipita lori lile.

"Kasi hiyo iko wapi?" aliuliza Dada Redio.

"Kifaa kinatuma taarifa kila baada ya sekunde tano. Huenda aliongeza katikati."

"Sekunde tano zinamtosha mtu kusinzia, kuota ndoto na kukanyaga mafuta?"

"Usinifanyie mzaha!" Meneja alipiga meza. "Wiki hii ni wiki ya rekodi. Makao makuu wanaitazama skrini hii saa hii tunavyoongea. Tumepanda asilimia kumi na nane tangu mfumo huu uje. Kumi na nane! Sitakubali dereva mmoja mzembe aniharibie."

Lakini Dada Redio hakuwa anamsikiliza tena. Macho yake yalikuwa yamehama kutoka jalalani, yakateremka hadi pembe ya chini ya skrini, palipochorwa kituo cha mafuta. Lori namba tisa lilikuwa limeegeshwa pale jana saa ileile. Halikuwa kwenye pampu. Kwa mujibu wa skrini, lilikuwa ndani ya choo cha wanawake.

Akainama karibu na skrini.

Kile choo alikijua. Kila mtu alikijua. Tangu Jumatatu asubuhi lilikuwa ndilo chekesho la mgodi mzima. Yeye mwenyewe ndiye aliyelianzisha, redioni, kwa sauti yake kubwa: "Namba tisa, namba tisa, toka huko chooni, akina mama wanalalamika!" Madereva walicheka mpaka mmoja akapiga honi. Humu ndani chai ilimwagika kwenye kibodi. Kila lori lililokwenda kujaza mafuta liliingia chooni, na kila mara walicheka upya. Siku tatu. Watu wazima wenye vyeti ukutani, wanaangalia kosa, wanalicheka.

Nakwambia msomaji, hasira ya kwanza iliyompata asubuhi ile haikuwa kwa meneja. Ilikuwa kwa nafsi yake mwenyewe, na ilimuuma.

Akavuta picha karibu. Barabara kuu ya shimo ilikuwa na mstari wake, na mtaro wake pembeni. Malori yote, kwenda na kurudi, yalionekana yanatembea mtaroni. Yote. Upande uleule.

"Haijaharibika kwenye lori moja," alisema polepole. "Imeharibika kwenye yote kwa pamoja."

"Ramani ni ya zamani," alisema meneja haraka. Haraka mno.

"Ramani imekuwa ya zamani lini? Ijumaa iliyopita barabara ilikuwa barabara na choo kilikuwa choo."

Kwa wale wasiofanya kazi shimoni, jambo lenyewe si gumu. Setilaiti peke yake humwambia dereva mahali alipo kwa kukisia. Ili kisio hilo liwe kipimo cha kweli, kuna mlingoti mmoja umesimamishwa kilimani, nao umepewa namba za mahali uliposimama, hadi upana wa kidole. Malori yote huuliza kwake. Mlingoti ukihamishwa halafu ukaachiwa namba zake za zamani, unaendelea kujibu bila wasiwasi, na unawadanganya wote, kipimo kilekile, upande uleule.

Dada Redio akarudisha skrini kwenye picha ya leo, akavuta maiki.

"Nani kakuruhusu—"

"Namba tisa, namba tisa. Uko wapi?"

"Niko kwa mafuta, Dada Redio. Na usinianze na choo leo, sina hamu."

"Sitanii. Shuka chini. Nipimie kwa hatua kutoka ukuta wa choo mpaka gurudumu lako la mbele."

Mlango wa lori ulisikika, kisha ngazi, kisha mtu anahesabu kwa kuhema.

"Hatua tano, Dada. Ila zangu fupi. Sema mita nne."

Kwenye skrini, namba tisa alikuwa katikati ya choo.

"Zima hiyo redio," alisema Bwana Asilimia.

"Msukumaji, Msukumaji, unanipata?"

Msukumaji ndiye dereva wa tingatinga jalalani, mtu mpole mwenye sauti nzito. Kazi yake ni kujenga tuta la udongo ukingoni, ili lori likirudi nyuma magurudumu yaligonge na dereva ajue hapa ndipo mwisho.

"Nakupata."

"Tuta unalijenga kwa kufuata nini?"

"Mstari wa kwenye skrini. Si vigingi vilitolewa? Tuliambiwa mambo ya vigingi na bendera ni ya kizamani."

"Nani alisema?"

"Huyo aliye hapo na wewe. Namsikia anavyohema."

"Tuta la jalalani ulilisogeza lini?"

"Jumatatu asubuhi. Nilipowasha mashine skrini ikaniambia bado tuna nafasi, mita nne zaidi kwenda ukingoni. Nikafurahi. Nafasi ilikuwa imetubana. Nikalibomoa la zamani, nikajenga jipya mbele." Sauti ikawa ya mtu mwingine kabisa. "Dada Redio. Unataka kuniambia nimelijenga juu ya kifusi kitupu?"

Dada Redio alitazama dirishani. Kule jalalani, hatua chache kutoka pale mdogo wake alipoangukia, lori namba nne lilikuwa linarudi nyuma kuelekea tuta hilohilo, na namba kumi na moja linasubiri zamu. Kitone cha nne kilikuwa kijani kizuri, ndani ya mstari, salama kabisa.

"Namba nne, simama! Simama hapohapo! Usiguse tuta!"

Breki zikalia. Bodi ya lori ilitikisika na mawe mawili yakadondoka.

"Nimesimama, Dada. Kuna nini?"

"Toka hapo taratibu. Nenda mbele." Akavuta pumzi, akabonyeza kitufe kinachofika kwa kila mtu. "Malori yote, ishirini na mawili, mnisikilize. Egesheni mlipo. Zimeni injini. Skrini zenu zinawadanganya. Nasema tena, skrini zenu zinawadanganya mita nne."

Mliwahi kusikia mgodi ukinyamaza mchana? Wakazi wa mji ule hawakuwahi. Injini moja ikazimika, ikafuata nyingine, mpaka dirisha la kontena likaacha kutetemeka. Kwenye skrini kubwa vitone vikageuka njano, na baada ya dakika tatu vyote vikawa vyekundu. Simu ya mezani ya meneja ikaanza kuita. Makao makuu.

Bwana Asilimia aliitazama ikiita. Hakuipokea. Alichofanya kilimshangaza Dada Redio: alivuta kiti, akakaa, akaanza kucheka.

"Hongera," alisema. "Umepata ulichokitaka. Mlingoti ulihamishwa, namba hazikubadilishwa. Kweli kabisa. Mdogo wako hana kosa hata asilimia moja. Umefurahi?"

"Nitafurahi ukiyasema hayo kwa maandishi."

"Nitayasema. Ila maandishi yana sehemu ya jina la mkosaji." Akafungua mkoba wake, akatoa fomu iliyokunjwa mara mbili. "Unataka kumjua aliyeuhamisha? Soma, mama. Soma kwa sauti, kama unavyowasomea malori."

Fomu ilikuwa ya Jumamosi. Walipuaji waliomba mlingoti uondolewe mahali pake ili baruti zao zisiuangushe. Umesogezwa mita nne, kusini. Namba mpya: hapakuandikwa kitu. Chini yake, sahihi ya mpimaji, ile yenye mkia mrefu unaorudi nyuma na kukata jina.

Dada Redio alikuwa anaiona sahihi ile kila mwezi kwenye karatasi za ada za watoto.

Ilikuwa ya mumewe.

"Sasa karatasi ziko mbili," alisema Bwana Asilimia kwa upole wa kuchukiza. "Moja ya mdogo wako, moja ya mumeo. Mimi natuma moja tu. Mmoja wa nyumba yako ataubeba mzigo huu, na atakayembebesha ni wewe. Kalamu hiyo hapo."

Kikamjia kitu kimoja. Mumewe ndiye aliyekesha na mdogo wake jana. Alimnywesha maji kwa kijiko. Alikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda, akamsikiliza kijana anasimulia jinsi ardhi ilivyokaa na kushuka, akatikisa kichwa, akampangusa mdomo. Alirudi nyumbani alfajiri akasema, "Mungu ni mkubwa, mke wangu, atapona." Akaomba uji.

Angeweza kugeuza kitasa cha redio hadi njia ya tatu, ya wapimaji peke yao. Mtu mwenye akili iliyotulia angegeuza. Yeye hakugeuza, kwa sababu alitaka kila sikio shimoni lisikie.

"Gari la upimaji. Uko wapi?"

Sauti ya mumewe ikaingia pamoja na upepo.

"Niko kilimani. Kwenye mlingoti."

"Unafanya nini huko?"

"Nabadilisha namba."

"Leo? Alhamisi? Mdogo wangu ana vyuma kwenye nyonga, ndiyo leo umekumbuka namba?"

"Mke wangu, geuza njia ya tatu."

"Sigeuzi! Sema hapahapa. Ulisahau, au nini? Niambie ulisahau. Niambie tu ulisahau, nitakuelewa, mtu husahau!"

Msomaji, alikuwa anamwomba. Pamoja na makelele yale yote, alikuwa anambembeleza adanganye.

"Nilisahau Jumamosi," ilisema sauti ya mumewe. "Lakini nilijua Jumatatu. Chombo changu kilikataa kukubaliana na mlingoti. Mita nne. Nilijua Jumatatu, saa mbili asubuhi, na nilipomwambia—"

Hakumaliza. Hakuweza kumaliza. Vidole ishirini na viwili vilibonyeza redio kwa wakati mmoja, na njia ya kwanza ikawa ngurumo ya sauti zilizopandana, matusi juu ya matusi, huku moja ikipenya: "Siku tatu! Siku tatu nimerudi nyuma pale!" Na nyingine, nzito, ya Msukumaji, inalia waziwazi bila aibu.

*Nilipomwambia.* Nani?

Dada Redio akageuka. Bwana Asilimia hakuwa anacheka tena. Kontena lilikuwa na baridi ya mashine, lakini kola ya shati lake ilikuwa imelowa.

"Alikwambia wewe," alisema Dada Redio. "Alikwambia Jumatatu, ukamwambia anyamaze mpaka wiki ya rekodi iishe."

"Thibitisha."

"Yeye yupo. Yeye atathibitisha."

Meneja alikuwa anatazama skrini juu ya bega la Dada Redio, naye akageuka kuitazama.

Kitone kimoja kilikuwa kimegeuka kijani. Namba nne. Kisha kumi na moja, tisa, ishirini, mfululizo. Dirisha likaanza tena kutetemeka. Hakuna lililokwenda kwenye mawe wala jalalani. Yote yalikuwa yanaingia njia nyembamba ya kilimani, iendayo kwenye mlingoti, ambako kulikuwa na gari moja dogo jeupe na mtu mmoja mwenye daftari, na hakuna njia ya pili ya kushukia.

Malori ya tani mia, nyuma yake tingatinga.

Dada Redio alikuwa na maiki mkononi. Madereva wale walimtii kuliko walivyomtii mtu yeyote katika mgodi ule. Dakika kumi zilizopita alikuwa ameunyamazisha mgodi mzima kwa sentensi tano. Alichotakiwa kufanya ni kubonyeza na kusema simameni.

Hakubonyeza.

Sitamsingizia na wala sitamtetea. Kwa sekunde tatu nzima mwanamke yule alitaka wafike. Alimwona mdogo wake amelala chali ndani ya chuma, akaona kijiko, akaona bakuli la uji, na moyo wake wote ukasema: waache.

Kisha akakumbuka ni baba wa watoto wake. Kisha akakumbuka, na hili lilimshtua zaidi, kwamba mtu yule ndiye peke yake duniani aliyesikia meneja alichosema Jumatatu.

Akabonyeza.

"Malori yote, simameni! Namba nne, simama, nakuomba!"

Hakusikia mlio. Taa ndogo ya redio haikuwaka. Akabonyeza tena, akapiga mashine kwa kiganja, akafuata waya kwa macho, mezani, chini ya meza, mpaka ukutani.

Bwana Asilimia alikuwa amesimama mbele ya mlango. Plagi ilikuwa mkononi mwake, na mlango alikuwa ameshaufunga kwa ufunguo.

"Zile sekunde tatu," alisema kwa sauti ya chini, "nilidhani sitazipata. Ahsante."